Pumzi ya Sekunde Mbili

Alikuwa ameifunga flashi ya kompyuta kwenye leso, akaikunja leso mara nne, akaishika mkononi njia nzima kama mtu aliyebeba kifaranga. Kutoka chuoni hadi nyumbani kwa mama yake Nyaya ni mwendo wa dakika ishirini, lakini Jumamosi hiyo alitumia karibu saa nzima. Alisimama mbele ya duka la viatu ambalo hakuwa na haja nalo. Alisoma tangazo la vyumba vya kupanga, akalisoma tena. Mguu mmoja ulitaka kwenda, wa pili ulitaka kurudi, na yeye mwenye miguu hakuwa na wa kumwamulia.

Darasani walimwita Taratibu. Jina hilo alilipata wiki ya kwanza pale chuo cha jamii, kwa sababu alichapa kwa vidole viwili, na kila herufi aliitafuta kama mtu anayetafuta sindano aliyoiangusha. Alikuja na elimu ya msingi tu na miaka sita ya kupiga pasi kwa dobi. Kozi ilikuwa ya miezi tisa, ya kumwandaa mtu kwa kazi ile ya mwanzo kabisa ya kompyuta: kupokea simu za wafanyakazi ambao mashine zimewagomea, kuweka programu, kubadilisha diski, kusema pole na kuuliza kwa adabu kama waya wa umeme umechomekwa. Mwezi wa kwanza wenzake walimcheka. Mwezi wa pili walianza kuliazima daftari lake.

Nyaya ndiye aliyeacha kumcheka kabla ya wote. Yeye aliitwa hivyo kwa kuwa hakukosa waya shingoni, ukimwona kwa mbali ungemdhani daktari. Vidole vyake vilikimbia juu ya kibodi kama mvua juu ya bati. Mwalimu alipowapanga wanafunzi wawili wawili, mmoja wa kushika mashine na mwingine wa kuandika fomu, aliwaweka hao pamoja, akasema maji ya moto na ya baridi yakichanganywa ndipo mtu anapoweza kuoga. Darasa zima likacheka. Wao wawili walitazamana, na kutazamana kule hakukuisha siku hiyo, wala mwezi huo.

Mama yake Nyaya alikuwa mkunga, na mtaa mzima ulimwita Mkunga, hata wale ambao hakuwazalisha. Mwanzoni alikataa katakata. Alisema hakumsomesha mwanawe ili aje amletee mpiga pasi. Taratibu hakubishana. Alikuja, akakaa, akaosha vikombe, akasikiliza habari za kina mama waliojifungua salama na wale ambao hawakujifungua salama. Mwezi wa tano Mkunga alimwambia mwanawe kwamba msichana huyu hana maneno mengi lakini ana masikio, na nyumba yoyote inahitaji masikio. Ikakubaliwa kwamba mtihani ukiisha, wazee wa pande zote mbili wakutane. Siku ikapangwa: Jumapili, kesho yake Jumamosi hiyo.

Kisha ikaja siku ya mtihani wa vitendo.

Siku hiyo chuo kilifungua milango, watu wakaleta mashine zao mbovu zitengenezwe bure, na wanafunzi wakapewa alama kwa kila mashine. Nyaya alileta ya mama yake. Ilikuwa ikichukua robo saa kuwaka, na asubuhi nyingine haikuwaka kabisa. Ndani yake kulikuwa na sauti za dada yake Nyaya, aliyefariki miaka mitatu iliyopita baada ya kuugua mwaka mzima. Aliposhindwa kutoka kitandani, alikuwa akijirekodi akizungumza na mama yake, mafaili arobaini na moja kwa jumla. Mkunga alisikiliza moja kila asubuhi akinywa chai. Lile alilolipenda zaidi lilianza hivi: "Mama, umeamka?" Na Mkunga, peke yake mezani, alikuwa akijibu kwamba ameamka.

Mwalimu alikuwa na sheria moja aliyoirudia mpaka wakawa wanaiota. Kabla hujafuta diski, nakili. Ukishanakili, fungua nakala. Kama ni picha, itazame kwa macho yako. Kama ni sauti, isikilize kwa masikio yako. Ndipo mwenzako aandike kwenye fomu kwamba nakala imefunguliwa, atie sahihi. Njia ya mwongo ni fupi, alikuwa akisema, na ya fundi mwenye haraka ni fupi kuliko hiyo.

Nyaya alikuwa na haraka. Saa tisa alisubiriwa kwenye usaili, kampuni moja ilitaka mtu wa kupokea simu za msaada. Aliivuta folda ya sauti kwenye diski ya nje, akatazama saa. Taratibu, kalamu mkononi, alimuuliza kama amesikia.

"Nimesikia. Andika."

Akaandika. Hakuomba spika naye asikilize. Ukimpenda mtu humwombi ushahidi, ndivyo alivyojua yeye wakati ule.

Kumbe Nyaya hakuwa amenakili folda. Alikuwa amenakili njia ya mkato tu, ile alama yenye kamshale kadogo pembeni, inayokuelekeza kitu kilipo bila yenyewe kuwa hicho kitu. Alibeba mlango, akaacha nyumba. Kisha akaifuta diski na kuweka mfumo mpya: akaibomoa nyumba na kujenga nyingine juu yake.

Mwalimu alihangaika siku nne na programu za kufufua mafaili. Yalitoka majina matupu. Alipowauliza wale wawili nani aliyefungua nakala, Nyaya alitazama dirishani, na Taratibu akangoja. Alikuwa mtu wa kungoja; alidhani anampa mpenzi wake nafasi ya kusema mwenyewe. Ukimya ukawa ndio jibu, na kwa kuwa fomu ilikuwa na sahihi moja tu, Taratibu akaambiwa arudie mtihani baada ya miezi mitatu. Nyaya akafaulu. Barua ya kazi ikaja siku ya pili yake: aanze Jumatatu, mradi taarifa ya chuo iwe safi.

Kwa hiyo Jumamosi hiyo Taratibu alipogonga mlango wa Mkunga, alikuwa na tumaini moja limebaki. Mwalimu ni mwalimu, alijiambia, mtu anaweza kumwogopa. Lakini huyu ni mama. Mbele ya mama yake, Nyaya atasema ukweli.

Mkunga alifungua mwenyewe. Alikuwa amevaa gauni la kazini, macho yamevimba, lakini nywele zimechanwa vizuri kama za mtu aliyeamua kutolia tena. Ndani, Nyaya alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni na shati jipya ambalo bado lilionyesha mikunjo ya dukani. Mikono ya Taratibu ilijua pa kupitisha pasi kwenye mikunjo ile, na aliona aibu kwamba mikono yake ilikuwa ikifikiria hilo wakati kama huo. Mashine ilikuwa mezani juu ya kitambaa cha kufuma, mahali pake pa siku zote. Pembeni yake kikombe kitupu.

Taratibu alisalimia, akaeleza kwa sauti ya chini kwamba hatimaye Mwalimu amepata kipande kimoja cha sauti. Yeye Taratibu alikifungua mwenyewe, akakisikiliza mara kumi bila kuambiwa na mtu.

"Ni kifupi, mama. Sekunde mbili. Hakuna neno ndani yake."

"Weka."

Alichomeka flashi. Spika zilikoroma kidogo, kisha kikasikika kitu kama upepo unaopita chini ya mlango, na mgongano mdogo, labda kijiko na kikombe. Basi. Kimya.

"Rudia," alisema Mkunga.

Akarudia. Mkunga alisogeza kiti, akalaza sikio karibu na spika kama alivyozoea kulilaza kwenye matumbo ya kina mama, akafumba macho. Mara ya tatu alinyanyua kidole.

"Hii ni pumzi," alisema. "Anavuta pumzi kabla ya kusema. Miaka thelathini nasikiliza watoto wakivuta pumzi ya kwanza. Wote hawafanani, watu wanadhani wanafanana. Hii naijua. Mtu wa kwanza kuisikia hapa duniani nilikuwa mimi."

Alibaki vilevile, sikio limelala, akingoja. Taratibu alielewa kwamba alikuwa akingoja swali linalofuata pumzi ile, akatamani sakafu immeze.

Baada ya muda Mkunga aliinuka, akafungua droo, akatoa nakala ya fomu ambayo chuo kilimpa. Aliinyoosha juu ya kitambaa kwa kiganja.

"Hapa kuna jina lako."

"Ndiyo, mama. Sahihi ni yangu."

"Imeandikwa nakala imefunguliwa. Nani aliyeisikiliza?"

Taratibu aligeukia kiti cha pembeni. Alimtazama Nyaya. Alimtazama kwa macho yale aliyomtazama nayo siku ya maji ya moto na ya baridi, hakuficha kitu, akayaacha wazi kabisa ili asome. Nje mtu alikuwa akipita akipiga mluzi. Bomba la jikoni lilidondosha tone, likadondosha lingine. Nyaya alikuwa amezungusha waya kwenye vidole mpaka ncha zimekuwa nyeupe. Kisha akainua kichwa, akafungua kinywa, akavuta pumzi.

Ilikuwa pumzi ileile. Mtu angeweza kuapa kwamba mashine imejiwasha. Upepo mdogo chini ya mlango, na baada yake neno lipo njiani.

Neno halikuja. Nyaya alifunga kinywa, akainama, akaendelea kuzungusha waya.

Hapo ndipo kitu ndani ya Taratibu kilipokatika, bila kelele, kama uzi wa kifungo.

"Mimi sikuisikiliza, mama," alisema. Ilikuwa kweli, ila kweli yenye mguu mmoja.

Mkunga alikunja fomu, akairudisha kwenye droo. Alizungumza polepole, kila neno akilipima. Alisema alimpokea asiye na cheti kwa sababu ya masikio yake, kumbe siku ya haja masikio yenyewe hayakuwepo. Alisema mkono ulioifuta sauti ya mwanawe hautashika kikombe chake. Alisema wazee wasisumbuke kuja kesho. Na maneno hayo yote aliyasema uso wake umeelekea kiti cha pembeni, si kwa Taratibu, jambo ambalo Taratibu aliliona lakini hakulielewa bado.

Aliomba ruhusa aoshe kile kikombe kabla ya kuondoka. Alikuwa hajui afanye nini na mikono yake. Mkunga hakumkatalia, akamfuata jikoni, akarudishia mlango.

Walisimama bega kwa bega mbele ya sinki. Mkunga alichukua kitambaa cha kukaushia.

"Tangu mdogo," alianza Mkunga, sauti imeshuka mpaka ikawa kama ya kumbembeleza mzazi mwenye uchungu, "ukimuuliza yule kama amenawa mikono, atakwambia amenawa. Na mikono mikavu."

Kikombe kilimteleza Taratibu, akakidaka.

"Kwa hiyo unajua, mama."

"Mwenye macho haambiwi tazama. Nilikuwa nasema na wewe, lakini namtazama yeye. Nilimpa nafasi. Umeona mwenyewe alivyoitumia."

Taratibu aligeuka. Tumaini ni kitu kisicho na haya. Lilinyanyuka tena palepale. Aliuliza kwa nini basi asirudi kule sebuleni, aliseme waziwazi, yaishe.

"Mimi ndiye ninayewaambia wanawake kila siku kwamba mficha uchi hazai," alisema Mkunga, akacheka kicheko kilichokosa pumzi. "Nimezaa wawili. Mmoja umeniletea pumzi yake leo kwenye leso. Mwingine ndiye yule pale. Mwongo, lakini anapumua. Nikimfungua kinywa leo, Jumatatu hana kazi, na hatanitazama machoni tena mpaka nife. Atahama. Nawajua vijana, wakishaonekana uchi na mama zao huwa wanahama."

"Mimi je?"

"Wewe una mgongo."

Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayesifu. Akaongeza kwamba wanasema damu ni nzito kuliko maji, na yeye damu ameizoea.

Taratibu aliweka kikombe kwenye ubao. Aliuliza swali moja tu, na hata yeye alishangaa sauti yake ilivyotulia. Aliuliza kama angekubali kuubeba huo mzigo, akanyamaza milele, je, kesho wazee waje.

Mkunga alitundika kitambaa cha kukaushia. Kisha akanyoosha mkono ulionyauka kwa sabuni za miaka thelathini, akamshika shavu.

"Niamke kila asubuhi nikukute mezani, nijue kwamba unajua? Hapana, mwanangu. Sina nguvu hizo."

Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kumwita mwanangu, na Taratibu alijua hataitwa hivyo tena kwenye nyumba ile.

Alipita sebuleni bila kugeuka. Leso na flashi aliviacha mezani. Alikuwa amefika karibu na lile duka la viatu aliposikia hatua zikikimbia nyuma yake, hatua alizozijua hata katikati ya watu mia. Nyaya alimfikia, akasimama mbele yake, shati jipya limelowa kwapani, machozi yanamtoka bila kuyafuta.

Alisema mengi. Alisema amsubiri miezi mitatu tu, mpaka athibitishwe kazini, halafu atamwambia mama kila kitu, atamwambia na Mwalimu, atakwenda mwenyewe kwa wazee wake kupiga magoti. Alisema yeye naye haponi, kila akilala anaona ile alama yenye kamshale. Alisema anampenda. Na Taratibu, aliyekuwa mtazamaji wa nyuso tangu utotoni, aliona kwamba hilo la mwisho hakuwa anadanganya. Lingekuwa uongo lingemsaidia. Angeweza kulitupa jalalani akaenda zake.

Alimnyooshea mkono, akamtengenezea ukosi wa shati. Mikunjo ilikataa kunyooka. Ilihitaji pasi ya moto na maji kidogo.

"Mama yako amesema mkono ulioifuta sauti ya mwanawe hautashika kikombe chake," alisema. "Alikuwa ananiambia mimi. Wewe ulikaa hatua mbili tu kutoka pale. Umesikia?"

Nyaya aliinamisha kichwa. Watu walikuwa wakiwapita, mmoja akawageukia, akaendelea na safari yake.

"Nimesikia."

"Neno hilihili," alisema Taratibu. "Lingekuwa la kweli siku ile ya mtihani, leo ningekuwa namnyooshea mama yangu nguo ya kesho."

Aliuachia ukosi. Alimkwepa upande, akapita. Nyaya hakumfuata tena, naye Taratibu alizihesabu hatua zake mpaka kona, bado anasikiliza kama za Nyaya zitasikika nyuma. Hakuna kilichosikika.

Nyumbani hakusema kitu. Alijilaza na viatu vyake, akageukia ukuta. Mama yake alichungulia mara mbili, akadhani ni furaha ya bibi harusi mtarajiwa, akamwacha alale.

Asubuhi aliamshwa na harufu ya pasi. Mwanga ulikuwa umeshaingia, na alijua bila kutazama saa kwamba huu ndio wakati ambapo, katika mtaa mwingine, mwanamke mmoja anavuta kiti, anaweka kikombe chake pembeni, anabonyeza, anasikia upepo mdogo chini ya mlango, anangoja. Kisha anabonyeza tena.

Upande wa pili wa pazia pasi ilikuwa ikipanda na kushuka juu ya kitambaa. Mama yake alikuwa akiimba chinichini. Nguo ya Jumapili ilikuwa karibu imalizike, na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba wazee hawakutani tena.

Wimbo ukakoma. Pasi ikawekwa chini.

"Mwanangu," mama yake aliita. "Umeamka?"

Taratibu alifungua kinywa, akavuta pumzi.